Kubeba, kulipia au kupewa hela: mlo wa mtoto shuleni kwa wazazi wa Moshi na Arusha

Mtoto wa shule ya msingi anayetoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kurudi saa tisa alasiri anakaa mbali na jiko la kwao zaidi ya saa nane, siku tano kwa wiki. Anachokula katika muda huo, na namna anavyokipata, kinamjengea tabia ya kula kuliko mawaidha ya mezani jioni. Ndiyo maana uamuzi huu unastahili kufikiriwa vizuri.

Kwa kawaida njia ni tatu: kumfungia chakula abebe, kulipa mchango ale cha shule, au kumpa hela anunue mwenyewe. Tangu elimumsingi bila malipo ianze Januari 2016, ada imeondoka kwenye shule za serikali, lakini chakula cha mwanafunzi wa kutwa kimebaki mikononi mwa mzazi. Shule nyingi za binafsi zimekiweka ndani ya ada na hazikuachii la kuchagua. Hata hapo inafaa kujua unalipia nini.

Kila njia ina pengo lake. Chagua ile ambayo pengo lake unaweza kuliziba nyumbani, asubuhi kabla hajatoka na jioni akisharudi.

## Vigezo tunavyotumia

Kinachoingia tumboni. Mtoto anahitaji kitu cha kumshibisha, kitu cha kujenga mwili, mboga, tunda na maji. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 6 hadi 9 apate angalau gramu 350 za mboga na matunda kwa siku, na kuanzia miaka 10 gramu 400. Kwa sahani zetu, hizo gramu 350 ni kama chungwa moja la wastani, ndizi kisukari mbili, na nusu kikombe cha mchicha au mnafu uliopikwa, mchana na jioni tena.

Usalama. Vijidudu huzaliana haraka chakula kikiwa kati ya nyuzi joto 5 na 60. Chakula kilichopikwa kisikae kwenye uvuguvugu huo zaidi ya saa mbili.

Gharama na muda. Mwaka wa masomo una siku 194. Zidisha matumizi ya siku kwa 194 ndipo utaona bei halisi ya kila njia.

Tabia inayojengeka. Utaratibu unaofanya kazi kwa watoto wengi ni mkubwa kuamua kinacholiwa na saa ya kula, na mtoto kuamua kiasi. Kila njia tunaipima hapo: nani anaamua nini?

## Kubeba chakula kutoka nyumbani

Kinachoingia tumboni. Hapa ndipo mzazi ana uwezo mkubwa zaidi. Kontena la mililita 600 hivi linamtosha mtoto wa darasa la pili hadi la nne. Nusu yake iwe kitu cha kushibisha kama viazi vitamu, magimbi au chapati. Robo iwe maharage au karanga. Robo iliyobaki mboga au tunda. Mchicha uliokatwa mwembamba sana na karoti moja iliyokwaruzwa vinaingia vizuri kwenye unga wa chapati nne. Punguza tu maji ya kukandia, maana mboga ina maji yake na unga ukilegea chapati hazitaiva katikati.

Kinachoharibika mara nyingi ni mazoea. Mkate mweupe wenye siagi na juisi ya boksi, Jumatatu mpaka Ijumaa, ni chakula cha kubeba kwa jina tu. Soma maandishi ya boksi: sukari ikitajwa ya pili baada ya maji, hicho ni kinywaji chenye ladha ya tunda. Mpe maji, na tunda alile zima.

Usalama. Hili ndilo eneo gumu la njia hii, kwa hiyo tulikalie. Chakula kilichofungwa saa kumi na mbili na nusu kikiliwa saa nne kimekaa saa tatu na nusu. Kikiliwa saa saba mchana kimekaa saa sita na nusu. Vyote vimepita kikomo cha saa mbili, na Moshi ya Januari na Februari joto la mchana hupita nyuzi 30 kwa urahisi. Arusha ya Julai ina unafuu, lakini mkoba uliowekwa dirishani juani hauna Julai.

Kwa hiyo gawa vyakula makundi mawili. La kwanza ni vikavu na vyenye ngozi yake: karanga za kukaanga, chapati kavu, ndizi mbivu, chungwa, karoti nzima, parachichi ambalo halijakatwa. Hivi vinasubiri bila shida. La pili ni vyenye majimaji: wali, maharage, kiburu (ndizi na maharage), makande, nyama. Hivi viende kwenye hotpoti vikiwa vya moto kweli, au visiende kabisa. Wali ndio wa kuangaliwa zaidi, kwa sababu mbegu za kijidudu fulani hustahimili kuchemka, kisha wali ukikaa vuguvugu hutoa sumu ambayo haiondoki hata ukiupasha tena. Kiporo cha wali cha jana kilichopashwa nusunusu asubuhi hakifai kufungwa.

Hotpoti nayo ina namna yake. Ijaze maji yanayochemka, ifunge dakika 10, mwaga, kisha weka chakula kikiwa kinatoa mvuke na uijaze mpaka karibu na mfuniko, kwa sababu nafasi tupu inapoza. Ijaribu Jumamosi: ifunge saa kumi na mbili na nusu, ifungue saa nne. Kama mvuke bado unatoka na kijiko cha kwanza kinahitaji kupulizwa, inafaa. Kama chakula ni vuguvugu, chombo hicho kibebe vikavu tu. Yai la kuchemsha ni zuri, ila mpe nyumbani kwenye chai ya asubuhi. Halina haja ya kusafiri.

Gharama na muda. Dakika 15 hadi 20 asubuhi, ukiwa umeloweka, umechemsha na kuosha usiku. Ukinunua siku ya soko, Jumatano au Jumamosi Tengeru, Kwa Sadala upande wa Hai, Mbuyuni Moshi au Kilombero Arusha, ndizi, viazi vitamu na matunda ya wiki nzima hupatikana kwa bei ambayo duka la mtaani halitakupa. Gharama ya mwanzo ni vyombo: kontena linalofunga, hotpoti na chupa ya maji.

Tabia inayojengeka. Mtoto anazoea chakula cha kwao na anajifunza kwamba mlo una sehemu zake. Mshirikishe kwa kumpa uchaguzi wa vitu viwili, vyote unavyovikubali: "Kesho chungwa au ndizi?" Ukimuuliza "Unataka nini?" umempa kazi ambayo si yake. Tatizo linakuja darasani. Aliyefungiwa magimbi anaketi na aliyefungiwa soseji, na mtoto wa miaka minane anaweza kuona haya. Usimkemee kwa hilo. Kifunge vizuri, katakata vipande vya kuokota kwa mkono, na chakula kipya kionjeshwe nyumbani kwanza. Kontena la shule lisiwe mahali pa kukutana na chakula kigeni.

Inamfaa mtoto mdogo, mtoto mchaguzi wa chakula, mwenye maelekezo ya daktari kuhusu chakula, na familia ambayo kuna mtu jikoni kabla ya saa kumi na mbili.

## Kulipia chakula cha shule

Kinachoingia tumboni. Ratiba za kawaida ni uji saa nne, na mchana makande, ugali maharage au wali maharage. Makande yakipikwa vizuri ni mlo wa maana: mahindi na maharage yakikutana yanakamilishana katika kujenga mwili. Pengo lake liko kwenye mboga na matunda, ambayo mara nyingi hayapo au ni vipande vichache vya kabichi.

Kipimo cha kukagua ni hiki. Kwa mtoto wa shule ya msingi, mlo wa mchana wenye kueleweka una gramu kama 120 za mahindi au unga na gramu 40 za maharage makavu. Hayo maharage yana karibu gramu 8 za protini, zaidi kidogo ya yai moja. Shule yenye watoto 300 wanaokula inatakiwa itoe stoo kilo 36 za mahindi na kilo 12 za maharage kwa siku. Muulize mtunza stoo leo zimetoka ngapi. Ukisikia kilo nne za maharage, watoto wanakula mahindi yenye rangi ya maharage, na hilo ni la kupeleka kamati ya shule.

Chungwa au embe likiliwa pamoja na maharage, vitamini C yake inasaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo. Chai ya rangi ikinywewa pamoja na mlo inafanya kinyume. Kama shule inatoa chai, iwe mbali na chakula kwa saa moja.

Usalama. Chakula kinaiva na kuliwa hapo hapo, na hiyo ni faida kubwa. Angalia mambo manne.

Kwanza stoo. Magunia yakae juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta, na mahindi yawe makavu. Mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu huota kuvu wanaotoa sumukuvu, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba mahindi yenye ukungu "yataoshwa tu".

Pili maharage. Yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, yapikwe kwa maji mapya na kuchemka sana angalau dakika 10 kabla ya moto kupunguzwa. Maharage yaliyoiva nusu yana sumu yake ya asili inayoleta kutapika na kuumwa tumbo.

Tatu magadi, na hili ni letu sisi wa kaskazini hasa. Magadi hulainisha makande haraka na kuokoa kuni, lakini magadi mengi ya kwetu yana floridi, juu ya ile ambayo tayari iko kwenye maji ya sehemu nyingi za Arusha na kandokando ya Mlima Meru. Floridi ikizidi huharibu meno yakiwa bado yanaundwa ndani ya fizi, yaani mpaka mtoto afikie miaka 8 hivi; ndiyo yale madoa ya kahawia ambayo hayatoki kwa mswaki. Kuloweka saa 8 hadi 12 kunafanya kazi ya magadi bila madhara hayo. Kiburu cha nyumbani pia kinaweza kuiva bila magadi. Na ukichemsha maji ya kunywa unaua vijidudu. Floridi inabaki palepale.

Nne kunawa mikono: maji tiririka na sabuni, foleni ikipita hapo kabla ya kufika kwenye sufuria.

Gharama na muda. Hii ndiyo nafuu kuliko zote kwa sahani, kwa sababu wengi wanapikiwa chungu kimoja. Kwa vipimo vya hapo juu, mtoto mmoja kwa mwaka anahitaji takribani kilo 23 za mahindi na kilo 8 za maharage, ukiongeza mafuta, chumvi, mshahara wa mpishi na nishati. Serikali imezitaka taasisi zinazopikia watu wengi ziachane na kuni na mkaa, kwa hiyo tarajia mchango wa gesi au jiko banifu. Asubuhi yako haiguswi. Muda wako unahitajika kwenye vikao vya wazazi, na ni vyema uende.

Tabia inayojengeka. Kula pamoja chakula kimoja kuna nguvu sana. Mtoto anayekataa maharage nyumbani mara nyingi huyala akiona wenzake 40 wanayala. Anajifunza saa ya kula na kungoja zamu. Upungufu ni kwamba hachagui chochote, na mahali penye haraka anafundishwa kumeza upesi au kulazimishwa kumaliza sahani. Mtoto anayelazimishwa kumaliza anazoea kutosikiliza tumbo lake. Hilo zungumza na mwalimu wa zamu kwa upole. Wengi hufanya hivyo kwa kuogopa chakula kumwagwa, na dawa yake ni kupakua kidogo na kuongeza kwa anayetaka.

Inamfaa mtoto anayekula vyakula vingi, mzazi anayetoka alfajiri, na familia yenye watoto kadhaa shule moja.

## Kumpa hela anunue

Kinachoingia tumboni. Inategemea kabisa kilichopo getini. Pale penye mama anayeuza mihogo ya kuchemsha, mahindi ya kuchoma, karanga na ndizi mbivu, mia tano inaweza kununua kitu cha maana. Pale penye pipi, krips, askrimu na soda, haiwezi. Soda ya mililita 350 huwa na sukari ya gramu 35 hadi 40. Mtoto wa miaka saba anayehitaji kalori 1,600 kwa siku hatakiwi kupita gramu 40 za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima, na hapo chai ya asubuhi bado haijahesabiwa.

Usalama. Kugandisha hakuui vijidudu, kwa hiyo barafu ya rangi iliyotengenezwa kwa maji yasiyochemshwa ina hatari ile ile ya maji hayo. Mfundishe mtoto sheria tatu anazoweza kuzikumbuka: tunda la kumenya mwenyewe, chakula kinachotoka motoni mbele yake, na hapana kwa chachandu iliyoachwa wazi. Wewe mwenyewe pita getini siku moja saa nne. Mafuta meusi yanayotoa povu na moshi yamekaangia siku nyingi.

Gharama na muda. Haichukui muda wowote, na ndiyo maana inavutia. Lakini mia tano kwa siku 194 ni shilingi 97,000 kwa mtoto mmoja, na buku ni 194,000. Kwa watoto wawili au watatu, linganisha na mchango wa shule kabla hujaamua.

Tabia inayojengeka. Tusiionee njia hii. Mtoto wa darasa la sita anayejua kugawa hela yake, kitu cha kushibisha kwanza halafu cha hamu, ana ujuzi utakaomfaa akienda sekondari. Ila ujuzi huo haumjii mtoto wa miaka sita. Umri huo macho yanaenda kwenye rangi na ulimi kwenye utamu, na hela ikidondoka au ikinyang'anywa anashinda njaa mpaka saa tisa bila kumwambia mtu.

Njia ya kati inayofanya kazi vizuri ni kukubaliana na muuzaji mmoja unayemwamini, umlipe kwa wiki, na ampe mtoto mlivyoelewana: leo muhogo na ndizi, kesho hindi na karanga. Mtoto habebi hela na wewe unajua anachokula.

Inamfaa mtoto wa kuanzia darasa la tano hivi, getini pawe na vyakula vya kweli, na nyumbani pawe na mtu wa kumuuliza jioni alinunua nini bila kumgombeza.

## Kuziba pengo nyumbani

Anayekula cha shule apate mboga mbili jioni na tunda mkobani. Anayebeba vikavu apate mlo wa moto akirudi, machalari au mtori wa ndizi kwa mfano, badala ya chai na mkate unaomuulia hamu ya cha usiku. Anayepewa hela apate maharage, dagaa, maziwa au yai kila siku bila kukosa, kwa sababu hivyo ndivyo havipatikani getini.

Mboga chungu kama mnafu inahitaji uvumilivu. Watoto wengi hukubali chakula kipya baada ya kukionja mara 8 hadi 15, na wazazi wengi huacha baada ya mara tatu wakisema hakipendi. Weka kijiko kimoja pembeni ya anachokijua, msiongee habari zake, na wewe ule mbele yake. Usimwahidi pipi akimaliza mboga: umemwambia kwamba pipi ndiyo zawadi na mboga ndiyo adhabu.

## Kwa hali yako

Mtoto wa chekechea, darasa la kwanza au la pili: chagua kati ya kubeba na kulipia. Hela ingoje.

Shule inapika kila siku na vipimo vya stoo vinaeleweka: lipia, na umwekee tunda moja la kumenya mkobani.

Shule inapika kwa kusuasua, leo ndiyo kesho hapana: mfungie vikavu vya saa nne kila siku, na sahani ya shule ikipatikana iwe nyongeza.

Unatoka alfajiri kwenda sokoni, hotelini au kwenye mashamba ya maua, na hakuna mkubwa mwingine nyumbani: lipia. Ikiwa shule haipiki, tafuta muuzaji wa kulipwa kwa wiki.

Mtoto anakula vyakula vichache mno: abebe anachokikubali, na kazi ya kumzoesha vipya ifanyike jioni. Akiwa anapungua uzito, anachoka kupita kawaida au ana midomo na viganja vilivyopauka, mpeleke kituo cha afya kabla ya kubadilisha kontena.

Darasa la sita au la saba: changanya. Siku nne cha shule au cha kubeba, siku moja hela, na Jumamosi mwende naye sokoni apatane bei mwenyewe.

Kontena linarudi halijaguswa: kabla hujabadilisha chakula, muulize alipewa muda gani wa kula, alikaa na nani, na kama mfuniko unafunguka kwa mikono yake.